Saladi na Jioni Bila Moshi

Kazi mbili (Jumanne), 5 Oktoba 1954

Nimeosha majani, nimeyakata, nimetia vinega na mafuta kidogo. Bila chumvi. Baba Leontina, mume wangu, ameyatazama kitambo. Akamega tonge la bukari, ugali wetu, akajaribu kuokota jani. Likateleza. Akaokota tena, likamwangukia gotini. Akasema: «Mama Leontina, miye hapana sungula.» Akala bukari tupu, akaenda kulala.

Nimekasirika. Si naye. Na hayo majani.

Acha niandike kisa kizima, maana siwezi kumwambia mtu. Wiki iliyopita munganga wa reli alimfunga mume wangu mkono kwa kile kitambaa cha kupulizwa hewa, akasema damu inapanda mno. Tension, ndivyo wanavyoita. Amemtoa kwenye mashini. Mume wangu aliyekuwa anaendesha treni hadi Sakania na kurudi, sasa anafagia depo na kupaka grisi. Tarehe 29 atapimwa tena. Damu ikishuka, anarudi kwenye mashini. Isiposhuka, kazi imekwisha, na nyumba hii ya reli nayo imekwisha. Tutafunga mizigo turudi kwetu Kongolo na mtoto wetu Leontina.

Dawa ni chakula. Chumvi hapana, mafuta ya ngazi, haya ya mawese, tone tu, mboga mbichi nyingi, na jioni asile kizito.

Ameniapisha nisimwambie mtu. Dada yake hasa. Watu tunawaambia mashini yake iko kwenye matengenezo. Anasema ndugu wakijua watalia uchawi, watakuja kumchukua, na depo nzima itajua kabla hajapona. Nimeapa kwa Bikira Maria. Sasa niko hapa na siri na beseni la majani.

Kazi tatu, 6 Oktoba

Nyanya na kitunguu. Amekula nyanya, ameacha kitunguu. Kichwa kinamuuma. Naogopa.

Kazi tano, 8 Oktoba

Leo madame wa foyer, ile shule ya wake wa wafanyakazi, ametufundisha saladi! Nikasema moyoni, Mungu amenisikia.

Hakunisikia bado. Mayai, mafuta kijiko kwa kijiko, koroga mpaka mkono ufe. Bitiravi, ile mizizi myekundu, za kuchemsha saa nzima. Halafu chumvi juu. Kwa kazi ile ningepika sombe ya harusi, majani ya muhogo gunia zima. Tena vidole vyote vimekuwa vyekundu, Leontina akaniuliza nimechinja nini. Madame mwenyewe ni mwema, amenipa mbegu za karoti. Namshukuru kwa mbegu. Mayonezi yake abaki nayo.

Mimi nataka kitu ambacho mwanamke aliyefua tangu asubuhi anaweza kukifanya akiwa ameketi.

Siku ya posho, 9 Oktoba

Posho imetoka: unga, mafuta, samaki wa chumvi. Yule samaki ananukia vizuri mpaka nimemtoa nyumbani mbio. Nimempa mama Kapinga, jirani yetu wa Kasai anayeuza mboga mbele ya lango lake. Hakuuliza kitu. Ila aliona kabichi mkononi mwangu, akaguna: «Bantu ba Kongolo! Kabichi bila kalanga, ile ni kabichi gani?» Akanitilia karanga kwenye kitambaa changu, vikombe viwili, bure.

Hawa watu wa Kasai, karanga wataweka hata kwenye chai. Tutaona.

Siku ya Mungu, 10 Oktoba

Amekula! Niandike vizuri nisisahau.

Kabichi nimeikata nyembamba kama uzi. Nimekamulia ndimu, nikaifinya kwa mikono miwili mpaka ikalegea na kutoa maji yake. Kitunguu nimekilowesha kwenye ndimu kwanza, kikaacha ukali. Nyanya mbili zilizoiva kabisa. Pilipili moja bila mbegu. Karanga nimezikaanga mchana, nikazitwanga, si mpaka unga, vipande vibaki. Nikachanganya yote nikaacha kidogo. Karanga zikanywa ile ndimu na maji ya nyanya, ukawa mchuzi mzito wa kushika tonge.

Kumbe ndilo lilikuwa tatizo. Bukari haitaki kitu cha kuteleza. Inataka kitu cha kuandamana nacho.

Akamega, akachovya, akatafuna. Akamega tena. Mwisho akalamba vidole, akauliza kama imebaki. Chumvi hakuitaja.

Asante Mungu. Asante mama Kapinga. Asante kabichi.

Kazi mbili, 12 Oktoba

Mambo yamenyooka. Mchana nakaanga karanga za siku mbili tatu na kuchemsha viazi vitamu. Jioni kazi ni kisu, ndimu na beseni. Leontina anaosha nyanya kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, vile Sista alivyotufundisha shuleni. Kabla ya wimbo mmoja kwisha kwenye gramafoni ya jirani, chakula tayari. Mbabula, jiko letu la makaa, jioni sijaigusa. Oktoba hii joto linamvua mtu ngozi, nani anataka kuinamia makala?

Na jambo jingine. Tangu nimeolewa sijawahi kuketi na mume wangu jua likishuka. Jioni zote mimi niko kwenye moshi, macho mekundu, yeye anakula peke yake. Jana na leo tumeketi pamoja, beseni katikati, miguu nimeinyoosha. Amenisimulia njia ya Sakania, kona kwa kona, na mbwa mmoja wa stesheni anayejua saa ya treni kuliko mkuu wa stesheni. Nimecheka mpaka mbavu zikauma. Sikujua mwanaume huyu ni mcheshi hivi.

Siushukuru ugonjwa. Naishukuru jioni.

Kazi ine, 14 Oktoba

Leo matango, kitunguu, ndimu na karanga. Jana maharage baridi ya mchana, nyanya juu. Kesho nitakwaruza papai bichi. Kichwa hakijamuuma tangu Siku ya Mungu. Anatembea vizuri.

Mama Kapinga amenisimamisha langoni: «Mama, leo tena moshi hapana?» Nikasema ni joto. Akanitazama, akarudi kwenye mboga zake.

Siku ya posho, 16 Oktoba

Mjinga mimi. Mjinga wa kupigiwa ngoma.

Asubuhi nilipofika kwenye robine, bomba letu la maji, hakuna mwanamke aliyenisalimia. Kila mmoja akawa anaangalia ndoo yake. Nimerudi na maji yangu, mama Kapinga akanifuata, akaniambia: wanasema umezima moto.

Nikatua ndoo. Kwetu, moto wa mchana ni wa watoto, moto wa jioni ni wa bwana. Mwanamke akimkataa mumewe hapigi kelele, hatupi sahani. Hawashi moto jioni, basi. Lupango, yaani ua wa nyumba, lisipotoa moshi jioni moja, watu husema mama amechoka. Jioni ya pili, wamegombana. Zikiendelea, amemkataa, na ndugu wa mume lazima waje. Mama yangu mwenyewe alimzimia baba moto mara moja tu, wajomba wakaja na mbuzi kumbembeleza. Najua haya yote. Nimezaliwa nayo. Na kwa furaha ya kabichi nikayasahau kama mtu aliyelewa.

Ningesema neno moja tu, «munganga», yote yangekwisha. Nimeapa.

Jioni nimewasha mbabula tupu, nikatia majani mabichi juu ya makala. Moshi mpaka kanisani. Sufuria hakuna. Baba Leontina amekohoa, akauliza nafukuza nyoka gani. Nimecheka, lakini moyoni sina raha.

Kazi moja, 18 Oktoba

Yaya Ngoie amekuja.

Ni dada mkubwa wa mume wangu. Alimlea mgongoni mama yao alipokufa. Ni mjane, anakaa Kipushi. Maneno yamemfikia huko, sijui kwa mdomo wa nani. Maneno hayahitaji tikiti. Ameshuka kwenye kamyo la mizigo, gunia la makala kichwani, mbabula yake mwenyewe mkononi. Salamu yangu ameipokea kwa kidole kimoja. Akaweka mbabula katikati ya lupango langu, akawasha.

Mwanamke mwingine kuwasha moto kwenye lupango lako! Afadhali akupige kofi sokoni.

Akapika sombe, mafuta ya ngazi yanaogelea, samaki wa chumvi, na juu yake konzi nzima ya chumvi. Akaita kwa sauti ili cité, mtaa mzima, isikie: «Kuya kula, mudogo wangu. Miye niko muzima, hakuna mutu wa kukuzimia moto!»

Baba Leontina alinitazama. Mimi nikatazama chini. Akala. Angefanyaje? Mkono wa yaya aliyekubeba haukataliwi.

Kazi mbili, 19 Oktoba

Sombe tena, samaki tena. Saladi yangu Yaya amewamwagia kuku wa mama Kapinga.

Namchukia. Mungu anisamehe, leo namchukia.

Kazi tatu, 20 Oktoba

Kichwa kimemrudia Baba Leontina. Nimemvuta nyuma ya nyumba, nikamwambia: mwambie. Akasema hapana, yaya atalia mpaka Kongolo wasikie. Nikasema: basi kataa chakula chake. Akasema nitaukataaje mkono wake? Nikasema: utakufa kwa adabu.

Nimejuta kusema hivyo. Lakini ni kweli.

Kazi tano, 22 Oktoba

Yaya amenikalisha kitako. Mudogo wangu amekukosea nini? Anakupiga? Ana mwanamke kwa mtaa wa Kenya kule? Nikasema hapana. Basi kwa nini umemzimia moto? Nikanyamaza. Akauliza tena. Nikanyamaza tena, na kila nilipozidi kunyamaza ndivyo nilivyozidi kuonekana mkosaji.

Amesema Siku ya Mungu baada ya misa nitamjibu. La sivyo nichukue kikapu changu niende kwa baba yangu, atamtafutia mdogo wake mwanamke mwenye moto. Wiki moja tu kabla ya kupimwa! Mume nitampoteza kwa samaki au kwa mdomo wa dada yake, sijui kipi kitatangulia.

Sijalia mbele yake. Nimelia chooni.

Siku ya Mungu, 24 Oktoba

Sasa naweza kuandika.

Tulipotoka misa Yaya alitandika mkeka. Leontina tulimpeleka kwa mama Kapinga. Tukaketi watatu. Yaya akaweka katikati bukari na sufuria ya sombe na samaki. Sijui nguvu nilitoa wapi, nikaingia ndani, nikakata kabichi yangu, nikaja kuweka beseni kando ya sufuria yake. Akaliangalia kama nimeweka chura.

Akauliza swali lake. Nikasema, Yaya, siwezi kujibu. Akasema: «Basi, umejibu.» Akaanza kuinuka.

Hapo Baba Leontina akashika ile sufuria kwa mikono miwili, taratibu, kwa heshima, akaisogeza pembeni. Akavuta beseni. Akamega tonge, akachovya kwenye kabichi, akala, sisi tunamtazama. Alipomeza akasema:

«Yaya, moto ni miye nilizima. Hapana yeye.»

Akasema yote. Kwamba haendeshi mashini, anafagia. Kwamba siku moja akirudi kutoka Sakania taa moja ya njia ilimgeukia ikawa mbili, shingo ikapigwa kama kwa nyundo, na mwenzake wa kutia makala ndiye aliyeshika breki. Hilo la taa hata mimi hakuwa ameniambia. Kwamba munganga ndiye aliyekataza chumvi na mafuta. Kwamba mimi aliniapisha, na nimebeba matusi ya cité nzima kwa ajili ya kiapo chake.

Nilingoja Yaya apige yowe. Hakupiga. Aliuliza kitu kimoja: shingo, wapi? Akamwonyesha. Yaya akaweka mkono wake kwenye shingo yake mwenyewe, mahali pale pale, akauacha hapo.

Mume wake, yule marehemu, alikuwa anajishika hapo kila jioni akitoka mgodini. Alisema ni kofia nzito. Asubuhi moja alianguka mlangoni, kiatu kimoja mkononi. «Kila jioni nilimupikia muzuri,» Yaya akasema, kwa sauti ndogo sijawahi kuisikia kwake. «Chumvi nilimuongezea. Alikuwa anapenda.»

Mawee! Mimi niliyemchukia juzi, nilisogea mkekani nikamshika. Nikamwambia, Yaya, hakuna mtu aliyekuambia. Ulimlisha kwa upendo, na yeye alikula kwa upendo. Ukubwa wake wote ukaanguka begani kwangu, akalia kama mtoto. Baba Leontina naye. Hasira yangu nimeitafuta, sijaiona.

Sufuria ilibaki imefunikwa. Tulikula kabichi watatu, beseni moja.

Kazi moja, 25 Oktoba

Yaya ameomba kisu. Anakata kabichi mapande mapande kama mbao za kuezekea. Nikisema nyembamba zaidi, anasema yeye hana macho ya panya. Ndimu nyingi mno. Karanga chache mno. Kila kitu kina kasoro. Lakini karanga anazikaanga vizuri kuliko mimi, lazima nikubali, haziungui hata moja.

Moto wa jioni hataki uzimwe, basi tunawasha na kuchemshia viazi vitamu na maji ya kunywa. Moshi unapanda, jirani wanaona. Leo kwenye robine wamenisalimia wote kwa mpigo.

Kazi tano, 29 Oktoba

Nilingoja barazani kwa munganga, rozari mkononi. Baba Leontina alitoka uso mtupu.

Imeshuka, lakini haijatosha. Munganga amemwambia aendelee hivyo hivyo, arudi baada ya wiki mbili, ndipo atakata neno. Depo na ufagio mpaka hapo.

Yaya akasema kosa ni la sufuria yake. Mimi nami nilikuwa nafikiri hivyo hivyo. Baadaye nikamwambia: sufuria imepita, Yaya, wiki mbili ziko mbele. Akafuta pua akaenda kuosha nyanya.

Nimechoka. Lakini imeshuka. Nashukuru kwa iliyoshuka.

Kazi mbili, 2 Novemba

Siku ya marehemu. Yaya amerudi Kipushi kusafisha kaburi la mume wake. Amekwenda na maua ya mbele ya nyumba yetu. Gunia la makala ameniachia. Langoni alinishika mikono yote miwili, vidole vyote, akasema aksanti, akapanda kamyo bila kugeuka. Mchana mvua ya kwanza. Karoti za madame zimeota.

Kazi mbili, 9 Novemba

Hofu. Kila nikimwangalia natafuta kama anajishika shingo. Amenigundua, akasema niache kumchunga kama maziwa motoni. Leo tango na nyanya. Amekula yote na kupangusa beseni.

Kazi tano, 12 Novemba

Imeshuka!

Munganga alipima mkono wa kushoto, akapima wa kulia, akarudia wa kushoto. Akasema vizuri. Akamwandikia arudi kwenye mashini. Nimepiga magoti pale pale kwenye saruji ya baraza, watu wakanipita wakidhani nimepoteza kitu.

Asante Bwana. Asante kwa munganga aliyesema ukweli. Asante kwa mwenzake aliyeshika breki. Asante kwa mume aliyefungua mdomo. Kwa Yaya pia, ndiyo, na mbabula yake. Siwezi kuandika zaidi.

Siku ya Mungu, 21 Novemba

Baba Leontina yuko njiani kwenda Sakania. Nimemfungia mkebe: kabichi na nyanya chini, ndimu nzima pembeni, karanga kwenye karatasi peke yake zisilowe kabla ya saa ya kula. Anasema mwenzake wa kutia makala sasa anakuja na kijiko chake mwenyewe.

Baada ya misa nimekutana na mama mmoja mchuuzi, ametoka Kipushi jana. Ameniletea salamu za Yaya Ngoie na habari. Yaya anawaita wanawake kwenye lupango lake, anawafundisha saladi. «Saladi ya Yaya Ngoie», ndiyo jina. Anawaambia hata bibi wa mdogo wake, yaani mimi, amejifunza kwake, ila mkono wake wa kukata bado mzito.

Mama Kapinga amewaka: na karanga zake je? Mimi nimecheka mpaka nikashika ukuta.

Halafu yule mama akasema kwamba wiki hii, wenzake walipokwisha kwenda, mwanamke mmoja wa mchimbaji alibaki nyuma. Aliuliza polepole, ndimu ngapi, na kama mtu anaweza kula hivyo kila siku. Hakusema anamtengenezea nani. Mumewe watu hawajamwona akishuka mgodini siku hizi. Yaya, yule Yaya ninayemjua mimi, hakumuuliza kitu. Alimpa kabichi nzima na karanga, akamsindikiza mpaka njiani.

Sikucheka tena. Acha iwe saladi yake.

Tumekula mapema, mimi na Leontina. Mvua inanyesha kidogo kidogo.